Zamu ya Mai

Jumapili, 12 Machi 1972

Daftari hili limekuja ndani ya mzigo wa karatasi kuukuu. Mimi ni Biasha, nauza karanga sokoni Rumonge, na karanga hufungwa kwa karatasi, kwa hiyo karatasi zote za mji huu hupitia mikononi mwangu kabla hazijaishia motoni. Madaftari ya shule, barua za biro ya komini, ofisi ya serikali ya hapa, kurasa za misale, magazeti ya Kifaransa yenye matangazo ya sabuni. Hili lilikuwa jeupe toka mwanzo mpaka mwisho, mtoto fulani alinunuliwa daftari akaacha shule. Kulichana kufungia karanga, haki ya Mungu, nimeshindwa. Basi nitaandika.

Nina kazi nyingine, ile isiyonilisha. Karatasi nzuri naziweka kando, nazikata, nazibandika juu ya ubao kwa uji wa muhogo mpaka ziwe picha. Mama yangu, Bi Batuli, anasema, "Wenzako wanazaa, weye unabandika." Halafu anawaonyesha wageni picha zote, hata zile ambazo hazijakauka.

Sasa Casimir, sekreteri wa komini, anataka picha ya mji wetu itundikwe bironi. Anataka Rumonge nzima, alivyosema: soko, michikichi, mitumbwi, ziwa. Nimempa neno langu kwamba kabla ya mwisho wa mwezi itakuwa tayari.

Jumatano, 15 Machi

Mvua. Uji haukauki. Mende wamekula soko lote.

Jumapili, 19 Machi

Nimetia majivu katika uji, mende wamekimbia. Michikichi nimeitengeneza kwa paketi za majani ya chai, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa zile karatasi za fedha za sigara, kila ndagala kipande chembamba kama kucha. Watu wa soko ni stempu za barua. Vimebaki vitu viwili, ziwa na mimi kupata usingizi, maana ziwa limenishinda. Karatasi ya rangi moja inakaa tu pale kama shuka iliyoanikwa. Ziwa letu lina mambo chini yake.

Asubuhi hii nikapata dawa yake. Katika mzigo kulikuwa na karatasi ya Cibalonza. Cibalonza ni jirani yangu, Mushi kwa kabila, kutoka Bukavu ng'ambo Kongo, aliolewa hapa na Hyacinthe wa kinu cha mawese, na tangu aje sijawahi kula peke yangu. Kiangazi kilichopita tulijenga darasa la tatu la shule, na matofali yanataka maji, na Cibalonza ndiye aliyepanga zamu ya kuyachota ziwani. Ana mwandiko mkubwa, wa mviringo, kila mtu huku anaujua. Juu ameandika MAI, kwa sababu kwao maji ni mai, umsute usimsute. Chini yake majina yetu wanane, na mbele ya kila jina misalaba, msalaba mmoja ndoo moja. Mwalimu Sylvestre, tisa. Hassani fundi matofali, kumi na miwili. Yeye mwenyewe kumi na minne. Mimi mitatu, na pembeni kaandika: muvivu.

Nimeibandika nzima pale ziwani. Juu yake, kwa uji wa kingoni tu wino usiyeyuke, nimelaza karatasi nyembamba ya buluu ya zile barua za ndege anazoniletea binamu yangu wa Kigoma. Ee bwana! Majina yamezama, yanaonekana hayaonekani, kama samaki wakikupita chini ya mtumbwi. Na lile MAI kubwa limekaa katikati ya maji, mahali pake hasa.

Nilimwita Cibalonza aje aone. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada Biasha, umenitosa mu ziwa na mimi sijui kuogelea!"

"Utashikilia ndoo zako kumi na nne," nikamwambia.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki.

Ijumaa, 24 Machi

Imetundikwa bironi, ukutani mkabala na mlango. Casimir alisema "murakoze", asante ya Kirundi, mara tatu na akaniletea magunia mawili ya karatasi za zamani. Mama amevaa vitenge vyake vya Idi kwenda kuiangalia.

Jumamosi, 8 Aprili

Mvua, karanga, mvua.

Jumapili, 30 Aprili

Mwandiko umeharibika, atakayesoma anisamehe.

Jana jioni, baada ya magharibi, walikuja watu wenye mapanga. Wengine walikuwa wamefunga vitambaa kichwani. Tulisikia kelele kutoka barabara ya Kigwena, kisha sokoni, kisha kila mahali. Walikuwa wanaua. Mama nilimsukuma chini ya kitanda, nami nikaingia juu ya miguu yake. Walipita uchochoroni kwetu wakiitana, "Mai! Mai!" Mpaka leo mchana hatujatoka. Mama anauliza kwa nini watu wanadai maji.

Jumatano, 3 Mei

Askari wamefika. Tuliposikia magari tulisema afadhali.

Yule mama wa sabuni aliyekuwa anakaa karibu nami sokoni ameuawa, yeye na mumewe. Nilikwenda kuwazika. Soko limejaa nzi.

Jumapili, 7 Mei

Ya Rabi, nimefanya nini.

Leo Casimir amepita kununua karanga. Amekonda, alijificha siku tatu ndani ya shimo la choo kipya. Nikamuuliza lile neno la wale watu. Akanishangaa kwamba sijui. Akasema walipakwa dawa, maji ya mganga, wakaambiwa risasi ikija waseme "Mai" nayo itageuka maji. Na sasa askari wakimkuta mtu ana chale, au ana neno hilo mdomoni, hawamuulizi la pili. Wanatafuta walioapa. Wanatafuta lisiti.

"Lisiti gani?" nikamwambia.

"Orodha ya majina ya abamenja, hao waasi. Wanasema lazima waliandikana."

Karanga zikanimwagika. Yeye alidhani ni woga wa kawaida, akainama kunisaidia kuokota.

Casimir hajui kilicho ukutani kwake. Ameipenda kwa ajili ya stempu na ndagala, hajawahi kuisogelea. Lakini mimi najua. Neno MAI, kwa herufi kubwa. Chini yake watu wanane, majina kamili. Mbele ya kila jina, misalaba. Misalaba ya nini? Nani atasema ni ndoo? Na askari wamehamia pale pale bironi, lietna wao, yaani luteni, anakunywa chai mbele ya picha yangu kila siku ya Mungu. Kati yake na majina yetu kuna karatasi moja ya barua ya ndege, iliyoshikwa na uji wa muhogo, katika msimu wa mvua.

Ningebandika mbuzi pale. Ningebandika mwezi na nyota. Mtu mzima na akili zangu nikachukua watu wa mtaa wangu nikawatundika ukutani kwa serikali, nikapigiwa makofi.

Jumatatu, 8 Mei

Mvua tangu alfajiri. Kila tone nalisikia pale bironi.

Jumatano, 10 Mei

Nilikwenda. Askari wa mlangoni aliniuliza ninataka nini, nikasema nimeleta karanga. Akachukua karanga, akanirudisha. Kutoka pale mlangoni, juu ya bega lake, niliona pembe ya juu tu ya picha, michikichi.

Jumamosi, 13 Mei

Wamemwita mwalimu Sylvestre. Walimu wote wanaitwa, na makarani, na wanafunzi wakubwa, na wenye maduka. Inakuja karatasi ndogo yenye muhuri: fika bironi. Naye akafika, na shati jeupe, na kalamu mfukoni, amedhani anakwenda kuandika taarifa ya shule. Mkewe alimpelekea chakula saa sita, wakamwambia hayupo. Aliuliza yuko wapi, wakamwambia arudi nyumbani.

Nilikwenda kwa Cibalonza kumwambia ukweli wangu. Sikuweza kukaa nao tena. Alikuwa anachambua maharage. Nilianza na kilio, akadhani Mama amekufa.

Nilipomaliza, aliendelea kuchambua. Maharage mabovu huku, mazima huku.

"Ile mwandiko ni yangu," akasema. "Kila mutu anaijua. Hata muhuri haina haja."

"Nisamehe."

"Na mume yangu iko ndani."

"Yumo. Ndoo nane."

"Saba," akasema. "Moja ilimwangika njiani, nikamwandikia tu, maana ni mume yangu." Akacheka kidogo, kisha akaziba uso kwa upande wa kitenge chake. Akaniambia, bila kunitazama, "Sasa ondoka, dada Biasha. Mimi sina hasira, lakini ondoka kwanza."

Alikuwa nayo hasira. Ni haki yake.

Jumanne, 16 Mei

Casimir amekuja, safari hii hakununua. Alisimama karibu na kikaango akasema chinichini, "Bati linavuja. Maji yanashuka ukutani. Ile buluu yako imeinuka kama ngozi iliyoungua. Lietna ameniuliza, zile herufi chini ni nini?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema ni karatasi za zamani za shule, Biasha hajui kuchagua." Akaangalia nyuma yake. "Nikasogea nisome mimi mwenyewe. Weye ni mwendawazimu? Jina la Hyacinthe nimeliona kwa macho yangu."

"Itoe ukutani, Casimir! Ivunje, ichome!"

"Niitoe nikasema nini? Ameizoea. Mtu akitoa kitu ukutani siku hizi anaulizwa kwa nini. Yeye ni wa bara, Kiswahili chake cha kuombea sigara. Akija mmoja anayesoma vizuri, tumekwisha wote, na mimi niliyeitundika ni wa kwanza. Fanya haraka."

Alhamisi, 18 Mei

Mvua. Hyacinthe ameitwa kutoka kwenye kinu, na mikono bado ina mawese. Hakurudi. Watu wa kinu wote, lori moja.

Nikajisemea: wameisoma. Ni mimi. Nimekaa jikoni nikijipiga mapaja mpaka Mama akanishika mikono.

Cibalonza alikwenda bironi kuuliza. Akafukuzwa.

Ijumaa, 19 Mei

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Wameitwa Hassani fundi matofali. Na Athumani wa mitumbwi, wa ile zamu yetu. Esperance, naye wa zamu yetu, amekimbilia kwa mjomba wake kijijini Kizuka, wanasema na huko ni hivyo hivyo.

Mama hanisemi tena kuhusu kubandika. Natamani aniseme.

Jumamosi, 20 Mei

Cibalonza alikuja leo mwenyewe, akakaa jikoni kwangu kama zamani. Nikamwambia Jumatatu nitaingia bironi na sufuria ya uji, liwalo na liwe. Nitasema nimekuja kurudishia palipobanduka. Nitapaka uji juu ya wino wenyewe mpaka uyeyuke, kisha niufunike. Pasibaki hata herufi.

"Na wewe utoke," nikamwambia. "Vuka. Uende kwenu."

"Hyacinthe akirudi atakuta nyumba na nani?"

Nikachochea moto.

"Futa jina yangu ya kwanza," akasema. "Ya Hyacinthe ufute ya mwisho." Sijui kwa nini alitaka hivyo. Nimemwahidi.

Jumatatu, 22 Mei

Naandika yote, polepole, nisiruke kitu.

Nilivaa kanga safi. Uji niliupika mzito, nikautia ndani ya kopo la maziwa. Askari wa mlangoni akaniuliza, nikamwambia, "Mimi ndiye fundi wa picha ya lietna. Maji yanaiharibu." Nilisema "picha ya lietna" makusudi. Akaingia, akatoka, akasema pita.

Lietna ni kijana. Hilo sikulitegemea. Ana meno mazuri, kikombe chake kina maua. Casimir alikuwa kwenye meza ya pembeni, ameinamia karatasi, shingo imelowa jasho.

"Amahoro," akanisalimu lietna. "Wewe iko fundi?"

"Ndiyo, afande."

"Ziwa iko nzuri. Lakini inakufa." Akaonyesha kwa kijiko.

Nikasogea. Buluu ilikuwa imejikunja nusu nzima. MAI, lote, peupe. Sylvestre, peupe. Cibalonza, peupe, na misalaba yake kumi na minne. Nikaweka mwili wangu kati ya lietna na picha, nikatoa kipande changu cha barua ya ndege. Kikachanika mara mbili.

"Hiyo ni laini sana," akasema. "Chukua ngumu. Pale, mu kisanduku. Hizo hazina kazi tena."

Kisanduku kilikuwa chini ya dirisha, kile kile ambacho Casimir huniwekea karatasi za kufungia karanga. Nikachutama. Juu kulikuwa na majalada magumu ya faili, yale wanayoyaita farde. Nikainua. Chini yake kulikuwa na karte za utambulisho. Nyingi. Kisanduku kizima. Nyuso zote zinanitazama, na stempu juu ya bega.

Mwalimu Sylvestre alikuwa wa pili. Hassani. Athumani, aliyepiga picha na kofia yake. Maneno, mvuvi wetu, ambaye hata sikujua ameitwa. Hyacinthe, na alama ya kidole cha mawese juu ya jina lake.

Hazina kazi tena. Alisema hivyo akikoroga chai.

Ndipo nikaelewa, pale pale chini. Hawakusoma picha yangu. Hakuna aliyeisoma. Wiki mbili nimejila nyama kwa ajili ya ukuta ule, na wao walikuwa na lisiti zao, zimepigwa kwa mashine, zimetiwa muhuri. Yangu hawakuihitaji hata kidogo. Nilitamani iwe kosa langu. Mungu anisamehe, ingekuwa kosa langu ningejua kwa nini wamekufa.

Niliangalia kisanduku mpaka chini, upesi, nikijifanya nachagua. Cibalonza hayumo. Hayumo! Esperance hayumo. Nikachukua farde moja ya buluu, nene, nikaikata kwa wembe wangu kwa kipimo cha ziwa.

Nikachovya kidole katika uji. Nikakipeleka kwenye jina la Cibalonza kama nilivyoahidi, la kwanza. Uji ukigusa wino ule huyeyuka hapo hapo, nimefanya mara mia. Kidole kikasimama.

Karte zile zitachomwa, au nitaletewa mimi nizifungie karanga. Kaburi hakuna. Mwalimu Sylvestre sasa yuko wapi pengine duniani, ila pale, ndoo tisa? Nilikuja kuwafuta watu hawa. Wengine walishatangulia kuwafuta.

"Kuna nini?" lietna akauliza.

"Uji umepoa, afande. Dakika moja."

Nikaipaka farde pembeni tu, kandokando, upana wa kidole. Katikati nikaiacha kavu. Nikaibandika juu yao, nikakandamiza kingo kwa kiganja, nikasugua mpaka ikashika. Ziwa likawa buluu tupu, bapa, baya kuliko nilivyowahi kuona.

"Sasa iko safi," akasema. Akanipa sukari, vipande viwili, ndani ya karatasi.

Nilitoka nikakimbia. Kanga ikafunguka, sikujali. Nilitaka Cibalonza asikie kutoka kwangu: imefunikwa, hayumo kisandukuni, avuke leo, Hyacinthe hatarudi. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Maharage yalikuwa motoni, maji yamekauka, yanaungua. Ndoo yake haikuwepo.

Mama alikuwa amesimama uani kwetu, ameshika kichwa. Akasema walikuja wawili, na ile karatasi ndogo. Cibalonza aliwauliza kama anaweza kuchota maji kwanza ya kuzima moto. Wakamwambia twende na ndoo yako.

Wakati ule nilikuwa nakandamiza kingo.

Jumanne, 23 Mei

Mvua imekatika. Jua kali.

Jumamosi, 10 Juni

Casimir ameniletea gunia la karatasi. Nimelirudisha bila kulifungua. Alilia mlangoni, nami nikalia. Karanga sasa nauza kwenye majani ya mgomba, watu wanalalamika chumvi inavuja. Ivuje tu.

Jumamosi, 1 Julai

Leo uhuru umetimiza miaka kumi. Tulitolewa majumbani kwenda kusimama mbele ya komini. Nakumbuka siku ile ya kwanza, tulicheza mpaka vumbi likatuziba macho, Mama alipoteza kiatu kimoja na akarudi anacheka. Leo tulipiga makofi tulipoambiwa.

Picha yangu waliitoa nje, wakaiegemeza chini ya bendera, wageni waone mji. Mkubwa mmoja aliinama akaitazama, miwani puani. Anajua kusoma huyo. Akagusa ziwa kwa kidole. Katikati, pale ambapo hapana uji, karatasi ikabonyea kidogo, ikarudi. Akanyoosha mgongo, akasema kwa Kifaransa kitu, wote wakacheka.

Casimir alinong'ona, "Amesema maji yetu ni matulivu."

Nikarudi kupitia shuleni. Darasa la tatu limesimama, matofali yake hayajapata hata ufa. Madawati yamo. Mlango unapigwapigwa na upepo. Nilikaa kizingitini nikalia kwa sauti, hapakuwa na mtu wa kuninyamazisha.

Kurasa za daftari zinaisha. Picha ile inaweza kuungua, au kuliwa na mende, au kuchukuliwa na lietna akihamishwa. Basi nanakili hapa, kwa mwandiko wangu mbaya, kama ilivyokuwa:

MAI

Mwalimu Sylvestre, ndoo tisa.
Hassani, kumi na mbili.
Maneno, sita.
Athumani, kumi.
Esperance, tano. Kizuka hawajamwona.
Hyacinthe, nane. Saba.
Cibalonza, kumi na nne.
Biasha, tatu. Muvivu.